Sehemu Tano Zilizofika Ekero Mapema

Inspekta Beldina Nekoye aliingia katika duka la muvi la Gentrix Awinja pale Ekero saa nne za asubuhi, siku ya Jumatano, akiwa amevaa rinda la maua na kubeba kikapu kama mwanamke yeyote aliyetoka sokoni. Mkononi alikuwa na flashi tupu.

"Nataka *Nyumba ya Meneja*," alisema. "Zile sehemu mpya."

Gentrix, mwanamke mwenye mwili mkubwa na kicheko cha karibu, alimtazama kuanzia kilemba hadi miguu. "Karibu, afande."

"Nani amekwambia mimi ni afande?"

"Kikapu hakina kitu. Mtu hatokangi soko ya Ekero na kikapu tupu." Akamsogezea kiti. "Keti tu. Nilijua mtakuja. Nimengoja tangu juzi, hata nimesuka nywele."

Beldina alijikuta akicheka. Miaka kumi na tisa katika upelelezi, na hakuwa amewahi kukutana na mshukiwa aliyejisukia nywele za kukamatwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. *Nyumba ya Meneja* ilikuwa tamthilia ya runinga iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya mjini Kakamega, mali ya Elkanah Were. Kituo kimoja cha Nairobi kiliionyesha kila Jumapili, sehemu moja kwa juma, kwa wenye ving'amuzi vya kulipia. Sehemu nane zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa kufikia mwanzoni mwa Agosti, kisha kituo kikaipumzisha hadi Septemba. Katika ile ya nane, shamba la miwa la meneja liliteketea, na tangu siku hiyo kuanzia Mumias hadi Lugari watu hawakuwa na swali lingine ila moja: nani aliwasha moto?

Jibu lilikuwa katika sehemu tano za mwisho, ambazo hazikutakiwa kuonwa na mtu kabla ya wakati wake. Lakini juma lililopita zilianza kuuzwa Ekero. Elkanah alikwenda kwa polisi Jumatatu. Kituo kilikuwa kimempa hadi Ijumaa kueleza zilivyovuja, la sivyo hakungekuwa na msimu wa pili. Waigizaji, mafundi na wapishi, watu sitini kwa jumla, walikuwa wakiutegemea msimu huo.

"Unauza pesa ngapi?" Beldina aliuliza.

"Hamsini. Zote tano."

"Unajua huo ni wizi?"

"Najua, madam. Lakini na wewe niambie kitu." Gentrix aliegemea meza. "Hiyo ya halali itauzwa elfu moja mia mbili, na itatoka Desemba. Desemba! Sasa ni Agosti. Mkata miwa wa hapa hana king'amuzi. Anaskia wenzake wanaongea juu ya moto shambani, yeye anaulizanga tu, 'Na Selina je? Na meneja je?' Mpaka Desemba ifike, kila mtu atakuwa amemwambia mwisho. Atanunua nini tena?"

"Kwa hiyo ukamsaidia."

"Nilimsaidia, na mimi nikajisaidia. Siwezi kudanganya."

Beldina alitoa daftari. "Nani alikuletea?"

Kicheko kikakauka. "Mteja."

"Jina?"

"Hilo hapana, madam. Nifunge mimi. Huyo alikuja nimtolee kwa memori kadi nimwekee kwa flashi, aone kwa televisheni yake. Hakuniuzia. Hakujua hata kama nimebaki na kopi."

"Ni mtu wa kampuni?"

Gentrix alicheka tena, safari hii kwa mshangao. "Huyo? Huyo hajui hata kampuni ni nini."

Beldina aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha akafunga kompyuta ya duka kwa karatasi na gundi, akatia sahihi juu yake, akamwamuru Gentrix asiiguse. Kabla ya kufunga, alinakili faili zote tano kama ushahidi.

"Ile ya mwisho usiangalie," Gentrix alimshauri akimfungulia mlango. "Utaumia roho."

"Kwa nini?"

"Utaona mwenyewe."

*

Ofisini Kakamega, Beldina alifunga dirisha, akaweka chai kando na kuzitazama faili hizo kabla hajazifungua. Majina yake hayakuwa majina ya tamthilia. Yalikuwa namba ndefu zinazoanza na herufi VID, kama zile zinazopachikwa na simu yenyewe mtu anapopiga video. Ya kwanza ilikuwa na tarehe ndani yake: mwaka, mwezi wa nane, siku ya kumi na saba. Baada ya hapo, saa: tisa na dakika kumi na mbili za alasiri.

Aliangalia kalenda ukutani. Tarehe kumi na saba ilikuwa Jumapili.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba faili kutoka kampuni. Mtu alikuwa ameketi mahali mchana wa Jumapili, akashika simu na kurekodi tamthilia ikiwa inaonyeshwa.

Alipobonyeza, alithibitisha. Picha ilikuwa imetupwa kwa projekta juu ya shuka nyeupe, na mkunjo wa shuka ulimkata Selina usoni kila aliposimama katikati. Beldina hakuifuata hadithi. Alifumba macho, akasikiliza.

Kulikuwa na watu chumbani, kama saba au wanane. Walicheka pamoja. Kuku alifukuzwa. Nje, mbali kidogo, kulikuwa na makelele mazito ya kukoroma, kama punda anayelia kupitia puani. Beldina alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo kama pembe. Ekero hakuna hondohondo. Huko ni miwa tu hadi macho yachoke. Ndege hao wanahitaji miti mikubwa ya kutagia.

Msitu, aliandika. Akapiga mstari chini yake.

Kisha kulikuwa na sauti ya bibi kizee. Bibi huyo hakunyamaza hata mara moja. Alimjibu meneja, alimtukana mwana wa meneja, aliwaonya wahusika juu ya hatari iliyokuwa nyuma ya mlango. Kwenye sehemu ya kumi na moja, Selina alipopigwa kofi, bibi alipaza sauti kwa uchungu, "Muhonja! Muhonja, mwana wanje!" yaani mwanangu.

Katika tamthilia yote hakukuwa na mtu anayeitwa Muhonja.

Sehemu ya kumi na tatu ilikuwa inakaribia mwisho. Selina alisimama mbele ya baraza la wazee, akanyoosha kidole, akafungua mdomo amtaje aliyewasha moto. Mita ya stima ikalia pii, pii, pii. Shuka ikawa nyeusi. Watu wakapiga yowe kama timu yao imefungwa bao, na rekodi ikakatika.

"Aa, Gentrix," Beldina alisema peke yake. Kweli roho ilimuuma.

*

Ili tamthilia ionyeshwe kwa projekta, ilibidi mtu afungue faili za asili, nazo, kwa maelezo ya Elkanah, zilifunguliwa kwa neno la siri lililojulikana na watu wawili tu: yeye mwenyewe na mhariri wake, Mathew Makhanu. Alhamisi asubuhi Beldina alimkuta Mathew kwenye chumba cha kuhariria, orofa ya tatu, nyuma ya skrini mbili. Alikuwa kijana mrefu wa Lugari, na aliposikia neno "polisi" aliangusha kikombe.

"Jumapili tarehe kumi na saba ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani... hapa. Nilikuwa naumwa."

"Ulikuwa unaumwa nini?"

"Meno."

Beldina alitazama rafu. Kamera nne zilikuwa zimepangwa kwenye mikoba yake. Mkoba wa tatu ulikuwa na utepe wa waridi uliokwama kwenye zipu, na punje chache za mchele zilizopakwa rangi ya dhahabu. Aliuchomoa utepe polepole.

"Meno yako yalifunga ndoa?"

Mathew alikaa chini. Akakiri yote kwa pumzi moja. Alikuwa amechukua kamera ya kampuni bila ruhusa akaenda Lugari kupiga picha za harusi ya mtoto wa jirani, tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Wageni mia tatu walimwona. Alikuwa na video yenye urefu wa saa sita, na katika sehemu moja ya video hiyo yeye mwenyewe alionekana akicheza na shangazi za bibi harusi.

Beldina alidai kuiona. Aliiona. Mathew alikuwa mchezaji mbaya sana, na saa ya ukumbi nyuma yake ilikuwa inasema tisa na nusu.

"Sawa. Hilo la kamera utamweleza mwajiri wako mwenyewe," alisema. "Sasa nisaidie. Katika waigizaji wenu, nani anaitwa Muhonja?"

"Hakuna."

"Nionyeshe mikataba. Majina kamili."

Walipitia jalada pamoja. Katika ukurasa wa pili walimkuta yule anayeigiza Selina. Kwenye skrini aliandikwa Lynette Shimuli. Kwenye mkataba, chini ya kitambulisho, aliandikwa Lynette Muhonja Shimuli. Nyumbani: Shinyalu, karibu na msitu.

Mathew alikodoa macho. "Lakini Lynette hajawahi kupewa zile faili. Hakuna mtu angempa."

"Hakuna?" Beldina aliuliza.

Mathew akatazama mlango wa ofisi ya Elkanah.

*

"Tunakwenda kumkamata nani?" Elkanah aliuliza kwa furaha huku akifunga mkanda. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ofisini. Beldina alikuwa amemwomba aje na laptopu yake na projekta, kwa ajili ya kulinganisha ushahidi.

"Umeitazama ile kopi inayouzwa?"

"Siwezi, Inspekta. Nimeshindwa. Ni kama kumtazama mtu akivaa nguo zako ulizoibiwa."

Beldina alitikisa kichwa, akaendesha. Walishuka barabara ya Kisumu, Elkanah akizungumzia faini na kifungo. Walipofika Khayega na gari kukata kushoto, alipunguza maneno. Chai ilianza kuonekana pembeni, na mahindi, na mbele yake msitu ukasimama kama ukuta.

"Inspekta," hatimaye alisema. "Tunakwenda kwa nani?"

"Nieleze wewe."

Elkanah alivua kofia. Chini yake alikuwa na upara, na hilo pekee lilimfanya aonekane mtu mwingine.

"Yule nyanya ndiye aliyemlea Lynette," alisema. "Alikuwa anapelekwa kupasuliwa jicho Jumatatu. Jingine lilikufa zamani. Daktari hakumwahidi kitu. Lynette aliniambia nyanya yake analia, si kwa sababu ya kisu, ila kwa sababu anaweza kuwa kipofu kabla hajaona mwisho. Ningefanya nini? Ningemwambia angoje mpaka Septemba? Nikaja huku na projekta Jumapili ile."

"Mkataba wako na kituo unasemaje?"

"Unasema nisimwonyeshe mtu hata mmoja." Akapangusa upara. "Lakini mimi sikurekodi! Na Lynette alikuwa amekaa karibu nami muda wote. Naapa sijui nani aliyefanya hivyo."

"Hilo nakuamini," Beldina alisema. "Ndiyo maana uko kiti cha mbele."

*

Kukhu Kageha, kama watu wa huko walivyomwita nyanya huyo, alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe, miwani myeusi usoni. Aliposikia gari aliinua kichwa, akaishusha miwani hadi puani, na jicho lake la kushoto likawakagua wageni mmoja baada ya mwingine.

"Mulembe," aliwasalimu. "Wewe ndiye Were. Nilidhani una nywele."

"Jicho limepona, Kukhu!" Elkanah alisahau shida zake zote.

"Limepona. Sasa naona hata mende za jirani." Akamgeukia Beldina. "Na huyu mama?"

"Naitwa Beldina, Kukhu. Mimi ni polisi."

"Karibu. Ingokho iko jikoni, kuku wa kienyeji. Polisi pia wanakulanga."

Beldina aliketi kwenye kigoda, chini kidogo ya bibi, kama ilivyompasa. Alieleza taratibu, bila kutisha: siku ya Jumapili, shuka ukutani, simu iliyorekodi. Nani alikuwa na simu hiyo?

"Willis, mtoto wa dada ya marehemu mzee wangu. Yeye ni mwalimu, ana simu kubwa," Kukhu alisema bila kusita. "Mimi nilimwambia arekodi. Nilimkalisha nyuma ili Were asione."

Elkanah alishika kichwa. "Kukhu! Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Naliaka. Dada yangu wa Mayoni. Mguu umemshinda, hawezi kusafiri. Tumeangalia hii kitu yote pamoja, yeye kwake, mimi kwangu, halafu tunapigiana simu. Sasa mimi nione mwisho peke yangu, nimnyime? Willis alitia kwa memori kadi, tukatuma na mtu wa pikipiki." Mikono yake iliacha maharagwe. "Kuna ubaya gani?"

Beldina alikuwa ameuona mnyororo wote sasa. Naliaka wa Mayoni, na televisheni isiyoweza kusoma memori kadi. Safari fupi hadi Ekero. Gentrix, aliyekubali kuingia jela kuliko kumtaja mwanamke mzee mwenye mguu mbaya.

"Kuna ubaya, Kukhu," alisema kwa upole. "Mwenye duka alibaki na kopi, akauza. Sasa wakubwa wa Nairobi wanataka kusimamisha kazi yote. Hata ya Muhonja."

Kukhu aliivua miwani kabisa. "Basi nipeleke mimi. Muhonja hana makosa. Nipeleke Nairobi, niwaambie mimi ndiye nilituma."

"Hakuna mtu anakwenda popote," Elkanah alisema. Alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya mtu anayejiandaa kuruka mto. "Mimi ndiye nilivunja mkataba. Inspekta, nikiendelea na mashtaka, shahidi wa kwanza atakuwa nani?"

"Wewe. Wa pili, Kukhu."

Elkanah alitoa simu. Alimpigia Jepkorir, mkuu wa vipindi wa kile kituo, akaiweka sauti juu ili wote wasikie, na akasema ukweli bila kupunguza chochote. Jicho la bibi, shuka, simu ya Willis, Mayoni, Ekero.

Upande wa pili ulilipuka. Jepkorir alisema mambo ambayo Kukhu, kwa bahati, hakuyafahamu kwa kuwa nusu yake yalikuwa kwa Kinandi. Elkanah alisimama wima akiyapokea. Jepkorir alipotulia kuvuta pumzi, Beldina aliinamia simu.

"Madam, mimi ni Inspekta Nekoye, Kakamega. Kuna jambo moja katika ushahidi. Kopi zote zinazouzwa hazina mwisho. Tokeni za stima ziliisha. Inakatika Selina akifungua mdomo."

"Anamtaja nani?"

"Hamtaji mtu. Giza."

Elkanah aliangalia kama simu imekatika.

"Unaniambia," Jepkorir alisema polepole, "magharibi yote wameangalia mpaka hapo, na hakuna mtu anajua nani aliwasha moto?"

"Hakuna, madam. Nimetembea Ekero, hata askari wangu wananiuliza."

Karatasi zilisikika zikipinduliwa. "Elkanah. Malipo yako ya sehemu ya kumi na tatu umeyapoteza. Hiyo ni adhabu, na usinibembeleze. Jumapili hii tunaonyesha zote tano kwa mpigo, na ile ya mwisho itakuwa kwenye idhaa ya bure, kila mtu aone. Msimu wa pili nitatia sahihi Jumatatu. Na hiyo Desemba yako ya kuuza flashi, mimi sikuwahi kuielewa."

"Ni nyinyi mliniwekea Desemba," Elkanah alisema.

"Basi mimi ndiye naitoa. Uza kuanzia Jumatatu," Jepkorir alisema, akakata.

Kukhu hakuwa na haja na mambo ya msimu wa pili. "Hiyo mashine umebeba," alisema, akiashiria mkoba wa laptopu, "betri yake imepona?"

"Haijapona, bado inazima stima ikikatika. Lakini leo nakununulia tokeni kwa simu sasa hivi," Elkanah alisema.

Shuka ilitundikwa. Willis aliitwa kutoka shuleni wakati wa chakula cha mchana, na safari hii simu yake ililala mapajani mwa Inspekta. Dakika kumi za mwisho zilipita bila mtu kupumua. Mkosaji alipotajwa, Willis aliruka, Elkanah akajipiga paja kana kwamba hakuiandika yeye. Kukhu peke yake alibaki ametulia, ameinama mbele, jicho lake moja likiwa limeganda kwenye uso wa mjukuu wake.

"Ana kidoa hapa," alisema kwa sauti ndogo, akijigusa shavu. "Cha mama yake. Miaka sita jicho halikuweza kukiona, nilikuwa nimesahau upande gani."

*

Ijumaa asubuhi Gentrix Awinja aliletwa mjini Kakamega na kompyuta yake. Mbele ya Beldina alifuta faili zote tano, akaandika maelezo na kutia sahihi kwamba akirudia hatapata huruma tena. Elkanah aliondoa malalamiko. Beldina alidhani hapo ndipo mambo yanaishia, akafunga kalamu yake.

"Sasa hiyo ya halali ikitoka Jumatatu," Gentrix alisema, "mtauza pesa ngapi?"

"Mia tano," Elkanah alijibu. "Nimeshusha kutoka elfu moja mia mbili."

"Utazila mwenyewe."

"Mia nne."

"Mzee, wewe umewahi kukata miwa? Mia moja."

"Mia moja hata flashi sinunui!"

"Flashi ya nini? Wanakuja na zao. Wewe nipe haki ya kuwawekea, mimi nina maduka ya marafiki saba mpaka Mayoni. Kila mmoja anaripoti, kila mmoja anakutumia yako kwa simu. Utapata watu elfu wa mia moja, badala ya watu ishirini wa elfu."

Elkanah akahesabu kwa vidole, akaanza upya. "Mia na hamsini. Na ya mteja mmoja wa Mayoni, bibi mwenye mguu mbaya, ni bure."

Gentrix alimtazama Beldina kwa mshtuko. Beldina alikuwa akiisoma dari.

"Huyo hata ungetaka alipe, ningelipa mimi," Gentrix alisema, akanyoosha mkono. "Mia na hamsini."

Walishikana mikono juu ya meza ya upelelezi. Kisha Elkanah akasema bango la dukani lazima liwe na picha yake, na Gentrix akasema picha ya upara haiuzi kitu Ekero, na sauti zikapanda tena. Beldina Nekoye alisimama, akawafungulia mlango wote wawili, akawasukuma hadi ukumbini, na akamwita mtu aliyekuwa anafuata, mzee wa Lugari aliyekuwa ameketi tangu alfajiri akitaka kueleza habari za ng'ombe wake.